Feni ya Kabati la Mimea: Tathmini ya Seti ya Inchi 6 na Namna ya Kuinyamazisha

Feni ya kabati la mimea haizimwi. Hiyo ndiyo tofauti yake na mashine ya kufulia au blenda ya jikoni, na ndiyo sababu kelele yake inastahili kupimwa kwa kipimo kikali zaidi: mlio ambao mtu angeuvumilia kwa nusu saa jioni hugeuka kero kubwa ukiendelea usiku kucha, tena ukuta mmoja tu kutoka kitandani. Tathmini hii inahusu seti ya kutolea hewa ya inchi 6, yaani feni ya bomba yenye mota ya EC (inayoongozwa kwa kielektroniki), kidhibiti chenye viwango 10 vya mwendo, kichujio cha mkaa, bomba la alumini linalojikunja na vibanio vyake, ambayo ninaitumia katika nyumba ya kupanga mjini Minneapolis, Marekani. Jina la kampuni nimeliacha makusudi, kwa kuwa seti zinazofanana nayo karibu kwa kila kitu huuzwa kwa majina mengi, na kwa kuwa sehemu ya ninayoyasema humu ni lawama.

Kabati lenyewe ni la ukutani, la kawaida kwa nyumba za huku, lenye upana wa sentimita 120, kina cha sentimita 60 na kimo cha mita 2 na kitu. Ndani yake kuna mchicha, mnafu, dania na pilipili mbuzi, chini ya taa ya LED ya wati 240. Katikati ya Desemba mchana wa Minneapolis hauna hata urefu wa saa 9, na mchicha, ambao aina zake nyingi hukimbilia kutoa maua siku zikiwa fupi, hauna la kufanya dirishani isipokuwa kurefuka na kukonda. Majirani wakisikia habari ya kabati la kuoteshea hutabasamu na kudhani ni bangi, ambayo jimbo la Minnesota liliihalalisha kwa watu wazima mwaka 2023. Dhana hiyo si ya kupuuzwa kabisa katika habari hii, maana vifaa hivi vimebuniwa na kutangazwa kwa kuwafikiria zaidi wakulima wa zao hilo, ambao wana harufu ya kuficha na taa kubwa za kupoza. Anayelima mboga hujikuta ananunua nguvu nyingi kuliko anayoihitaji. Kwa upande wa kelele, bahati yake imo humo humo.

Ili msomaji aelewe kwa nini, ni lazima tupige hesabu moja. Karibu umeme wote unaoingia kwenye taa huishia kuwa joto ndani ya kabati. Ukitaka kujua hewa inayohitajika kulitoa joto hilo, zidisha wati za taa kwa 3, kisha gawanya kwa idadi ya nyuzi za Selsiasi unazokubali kabati lizidi chumba. Jibu litakuja kwa mita za ujazo kwa saa. Kwa taa ya wati 240 na tofauti ya nyuzi 5, jibu ni 144. Feni za inchi 6 za daraja hili hutangazwa kuwa zinasukuma mita za ujazo zaidi ya 600 kwa saa zikiwa wazi, bila bomba wala kichujio. Hata ukiondoa kinachopotea kwenye mikunjo ya bomba, feni hii inatakiwa kufanya kazi kwa sehemu ndogo tu ya uwezo wake, na hapo ndipo ukimya wake unapotoka.

Mwendo na sauti ya feni havishuki sambamba. Mapanga yakipunguziwa mwendo kwa nusu, hewa inayosukumwa hupungua kwa nusu, lakini sauti hushuka kwa takriban desibeli 15, na sikio la mwanadamu huhesabu kila desibeli 10 kuwa ni kama nusu ya ukali wa sauti. Kwa maneno mengine, feni kubwa inayozunguka polepole hutoa hewa ile ile kwa kelele ndogo sana kuliko feni ndogo inayokimbia. Bomba nalo lina mchango wake. Zile mita 144 kwa saa zikipita kwenye bomba la inchi 6 huenda kwa kasi ya kama mita 2 na robo kwa sekunde, ilhali zikibanwa kwenye bomba la inchi 4 zitakwenda kwa kama mita 5, na hewa inayokimbia kwa kasi hiyo huvuma yenyewe, hata mota ingekuwa bubu. Ushauri unaotolewa mara nyingi madukani, kwamba kabati dogo linunuliwe feni ndogo ya inchi 4, unaokoa dola chache na kuharibu usingizi.

Sifa ya kwanza ya seti hii, basi, ni mota yake. Feni za bei ya chini hutumia mota ya kawaida ya AC, yaani ya umeme wa mkondo geu, na mtu akitaka kuipunguza mwendo huiunganisha na regyuleta ya kuzungusha kwa kidole, kama ile ya pangaboi. Regyuleta hiyo huukatakata umeme, na mota hulalamika kwa mvumo mzito ambao haupungui sana hata mapanga yakipungua. Katika nchi zenye umeme wa hezi 60, kama Marekani, mvumo huo huwa kwenye hezi 120 na vigawe vyake, na Afrika Mashariki, ambako umeme ni wa hezi 50, huwa kwenye hezi 100. Mota ya EC hubadilisha mwendo kwa njia ya kielektroniki na kuzunguka kwa utulivu hata kwenye kiwango cha chini kabisa. Nikiweka sikio karibu na feni hii kwenye kiwango cha 2, ninachosikia ni hewa tu. Umeme nao unaokolewa kwa kiasi cha kushangaza, kwa kuwa nguvu inayohitajika na feni hufuata mwendo kwa kipeo cha tatu: kiwango cha 4 kati ya 10 hakihitaji hata sehemu moja ya kumi ya nguvu ya kiwango cha juu.

Kuhusu desibeli zilizoandikwa kwenye boksi, msomaji asizitegemee. Tarakimu iliyoandikwa haielezi ilipimwa kwa umbali gani, kwa mwendo gani, wala kama feni ilikuwa imefungwa bomba. Na mahali palipo wazi sauti hushuka kwa desibeli 6 kila umbali unapoongezeka maradufu, kwa hiyo kampuni inayopima kutoka mbali hujipatia feni tulivu bila kubadilisha hata skrubu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999 kuhusu kelele za makazi, lilipendekeza kelele ya mfululizo ndani ya chumba cha kulala isizidi desibeli 30. Hicho ndicho kipimo cha kulenga, na hakipimwi mbele ya feni. Hupimwa kwenye mto. Programu ya simu ya bure ya kupimia kelele, ya NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, inafaa kwa kulinganisha hali moja na nyingine, ingawa kipaza sauti cha simu hakiaminiki sana sauti zinapokuwa za chini mno. Kwangu, chumba kikiwa kimya kabisa simu husoma takriban 31. Feni ikiwa kwenye kiwango cha 10 husoma zaidi ya 50 karibu na mlango wa kabati. Na kwenye kiwango cha 4, kazi yote ya kunyamazisha ikiwa imekamilika, ni vigumu kusema kama kinachosomwa ni feni au friji ya jikoni.

Nimesema kazi yote ikiwa imekamilika, na hapa ndipo lawama zangu zinapoanza, kwa sababu seti hii, ikifungwa kama kijitabu chake kinavyoelekeza, si tulivu hata kidogo. Kijitabu kinaonyesha feni ikikazwa kwa skrubu 4 kwenye ukuta kupitia kishikio cha chuma. Kuta za nyumba nyingi za Marekani ni bodi za jipsamu zilizopigiliwa kwenye fremu za mbao, na katikati yake ni uwazi. Ukikaza mota kwenye ukuta wa namna hiyo, umeufanya ukuta mzima kuwa sehemu ya feni: mtetemo mdogo ambao usingesikika hewani huingia kwenye mbao, hutembea hadi chumba cha pili, na kutokea huko kama mngurumo ambao mtu hajui unatoka wapi. Mama Zawadi, ambaye kichwa cha kitanda chetu kiliegemea ukuta huo upande wake, aliniuliza usiku wa kwanza, "Baba Zawadi, hiyo ndege yako inatua saa ngapi?" Hakuna sailensa wala sponji inayoweza kutibu kelele ya aina hiyo, kwa kuwa haipiti hewani.

Dawa yake ni rahisi na haigharimu dola 10. Feni itundikwe kwa kamba za mpira, zile zenye ndoano zinazofungia mizigo kwenye pikipiki, mbili mbele na mbili nyuma, kutoka kwenye fito la kutundikia nguo ambalo karibu kila kabati la ukutani linalo. Ining'inie kiasi kwamba ukiisukuma kwa kidole inapembea kidogo na kurudi. Lipo jambo moja la usalama ambalo haliruhusu mzaha: mpira huzeeka na kukatika, hasa karibu na joto la taa, kwa hiyo pembeni ya kila kamba ya mpira kuwe na mnyororo mwembamba au waya uliolegea, usiobeba uzito wowote, ila tu wa kuidaka feni siku mpira utakapokatika. Fito lenyewe, kama limeshikwa na vikombe vya plastiki ukutani, liwekewe vipande vya mpira mzito ndani ya vikombe hivyo. Mabadiliko yaliyotokana na kazi hii ndogo yalikuwa makubwa kuliko ya kifaa chochote nilichonunua baadaye, na ni aibu kwa mtengenezaji kwamba ndani ya boksi lake mna kishikio cha chuma lakini hamna hata kipande kimoja cha mpira.

Lawama ya pili ni bomba. Lile linalokuja na seti ni la alumini tupu, jembamba kama karatasi ya kufungia chakula, na linapitisha sauti karibu yote inayotoka kwenye feni. Aidha, linapoachwa bila kunyooshwa huwa na mikunjo mingi ndani, na kila mkunjo huikoroga hewa. Niliweka badala yake bomba lenye koti la pamba ya kioo, linalouzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi kwa ajili ya viyoyozi vya nyumba, na tofauti ilisikika mara moja, hasa katika zile sauti za juu za kufoka. Bomba lolote litumikalo livutwe hadi linyooke, likatwe urefu unaohitajika bila ziada ya kulala sakafuni, na kona yake iwe pana. Kona kali iliyogusana na mdomo wa feni ndiyo chanzo cha ule mlio wa kuchapa ambao watu hudhani beringi imeharibika. Feni hupenda hewa iifikie ikiwa imetulia, kwa hiyo kuwe na sehemu iliyonyooka, walau ya nusu mita, kabla ya kona ya kwanza.

Katika majira ya baridi sipeleki hewa ya kabati nje. Hewa hiyo ina joto na unyevu, na nyumba za Minnesota zikishawashwa hita hukauka hadi midomo inapasuka, kwa hiyo kuitupa nje ni kutupa mali. Isitoshe, bomba linalopita dirishani huganda na kutiririsha maji. Bomba langu linatoka juu ya mlango wa kabati na kumwaga hewa kwenye korido. Ubaya wake ni kwamba mdomo wa bomba, yaani mahali ambapo sauti yote ya feni hutokea, umo ndani ya nyumba. Hapo ndipo sailensa inapohitajika, nayo haimo kwenye seti.

Sailensa ya feni hufanya kazi kwa namna inayofanana na baadhi ya sailensa za magari: ni bomba lenye vitundu vingi, limezungukwa na pamba ya kioo au ya mwamba, na nje lina ganda la chuma. Niliyonunua ni ya inchi 6 yenye urefu wa sentimita 60. Inameza vizuri sana sauti za kati na za juu, zile za hewa kukwaruza mapanga, lakini mvumo mzito huipita kama vile haipo, na hilo si kasoro ya bidhaa bali ni tabia ya sauti: mawimbi ya sauti nzito ni marefu, na pamba ya unene wa sentimita chache haiwezi kuyashika. Ndiyo maana mpangilio wa kazi una maana. Anayenunua sailensa kabla ya kuitundika feni kwa mpira atalipa dola kama 50 na kubaki na mngurumo ule ule, kisha aandike kwamba sailensa hazifai. Iwekwe upande wa watu, yaani kati ya feni na mdomo unaofungukia korido, na itengwe na feni kwa kipande kifupi cha bomba linalojikunja ili mtetemo usihame. Ni nzito, hivyo inahitaji kamba zake yenyewe.

Kichujio cha mkaa nimekiondoa na kukirudisha kwenye boksi. Kazi yake ni kunasa harufu, na mchicha hauna harufu ya kunasa. Kikiwepo huzuia hewa, na feni italazimika kupandishwa kiwango kimoja au viwili ili kupitisha hewa ile ile, ingawa ni kweli pia kwamba kikiwa mbele ya feni hufunika kiasi fulani cha sauti inayorudi ndani ya kabati. Wauzaji hukitangaza kama kipunguza kelele. Kwa anayelima mboga, biashara hiyo haina faida. Bora uzito huo na gharama yake viende kwenye sailensa.

Sasa kuna tundu la kuingizia hewa, jambo ambalo kijitabu cha seti hakilitaji kabisa. Hewa inayotoka lazima ipate pa kuingilia, na pakiwa padogo feni hufanya kazi kwa kubanwa, mlango huvutwa na kutetemeka kwenye fremu yake, na mpenyo hupiga mluzi. Kanuni inayofanya kazi ni kulipa tundu la kuingilia eneo kubwa kuliko la bomba la kutolea, mara moja na nusu hadi mara mbili. Lakini tundu hilo hilo ndilo mlango wa kelele. Chukua mlango wa kabati wenye eneo la mita mraba 2, na tundu la duara la kipenyo cha sentimita 16: hilo ni asilimia 1 tu ya mlango, na asilimia hiyo moja inatosha kuufanya mlango usizuie zaidi ya desibeli 20, hata ungeutengeneza kwa zege. Kuubandika mlango matabaka ya vizuizi huku tundu likiwa wazi ni kufunga lango na kuacha ukuta umebomoka. Nilichofanya ni kuweka kwenye tundu kipande cha bomba lile lenye koti la pamba ya kioo, chenye urefu wa kama mita moja, kilichopindwa mara mbili kwa kona pana nyuma ya ndoo za maji, ili hewa ipite kwa kuzunguka na sauti iishiwe nguvu njiani. Nyufa zilizobaki kwenye kingo za mlango nilizifunga kwa utepe wa mpira wa kuzuia baridi, ambao pia uliondoa ule mtetemo wa mlango.

Mlango wenyewe ni wa aina ya milango mingi ya ndani ya nyumba za huku, mbao nyembamba pande mbili na katikati karatasi iliyokunjwakunjwa, na hauzuii kitu. Kinachozuia sauti ni uzito, na kila uzito wa kizuizi unapoongezwa maradufu, sauti inayopita hupungua kwa kama desibeli 6. Kwa mpangaji, njia iliyopo ni kutundika kwa ndani pazia zito la mpira, au kubandika bodi ya pili endapo mwenye nyumba ameridhia kwa maandishi. Trei za mayai hazifai kwa chochote. Sponji zenye vilima vilima zinazoonekana kwenye studio za muziki hupunguza mwangwi ndani ya chumba tu, hazizuii sauti isitoke, na nyingi zinazouzwa kwa bei ya chini hushika moto haraka, jambo ambalo ndani ya kabati lenye taa, nyaya na maji linapaswa kumtisha mtu yeyote. Vivyo hivyo sipendekezi kuifungia feni ndani ya sanduku la mbao lililojazwa pamba: huwa kimya, lakini kidhibiti cha kielektroniki kilichomo kwenye mota ya EC kinahitaji kupoa, na sanduku lililozibwa huufupisha uhai wake.

Kidhibiti ndicho kinachonifanya niisifu seti hii na kuilaumu kwa pumzi moja. Kina kipima joto na unyevu chenye waya mrefu, kina saa, na kinaweza kuamriwa kupandisha mwendo joto linapozidi. Tatizo ni jinsi kinavyotoka kiwandani: hali yake ya kujiendesha huizima feni kabisa kabati likipoa, kisha huirusha hadi kiwango cha 10 joto linapopanda nyuzi moja, na mzunguko huo huendelea usiku kucha. Aliyelala hasumbuliwi sana na sauti ya chini isiyobadilika. Kinachomwamsha ni sauti inayoanza na kukatika. Ndani ya menyu, mahali pasipoonekana kirahisi, mna nafasi ya kuweka kiwango cha chini na cha juu, na ukiweka 2 na 5 feni haitazimika wala haitapiga kelele. Kwenye feni yangu kiwango cha 6 kina mlio mwembamba ambao hauko kwenye cha 5 wala cha 7, kwa kuwa mzunguko wa mapanga unakutana na mtetemo wa asili wa bomba, kwa hiyo nimekiruka. Kila mnunuzi apitie viwango vyote kimoja kimoja na kusikiliza, kwani kila nyumba itakuwa na chake. Taa nazo nimezipangia kuwaka saa 12 asubuhi hadi saa 2 usiku. Saa hizo 14 zinauzuia mchicha usitoe maua mapema, na joto kubwa, pamoja na mwendo wa feni unaoliandama, humalizika kabla watoto hawajalala. Ushauri wa kuwasha taa usiku kwa ajili ya umeme wa bei nafuu una hesabu yake, lakini hauhesabu masikio.

Kuna pia feni ndogo ya kubana kwa klipu, ya kuchezesha majani ndani ya kabati, ambayo baadhi ya wauzaji huitoa kama zawadi ukinunua seti. Gia zake za plastiki za kugeuza shingo hugonga kila inapofika ukingoni, na mara feni kubwa inapotulia, kugonga huko ndiko kunakobaki kusikika. Nimeweka badala yake feni ya kompyuta ya milimita 120 iliyopewa umeme mdogo kuliko kiwango chake, na mimea haijalalamika.

Kwa bei, seti yenyewe huuzwa kati ya dola 100 na 200 kutegemea msimu, na mtu ajiandae kuongeza nusu ya bei hiyo kwa sailensa, bomba lenye koti, kamba za mpira na utepe wa mlango. Kwa feni na mota ningeipa alama za juu bila kusita. Kwa bomba na vishikio, alama za chini. Kwa kijitabu cha maelekezo, sifuri. Kama feni ya EC ya inchi 6 ikipatikana peke yake bila kichujio wala bomba, nunueni hiyo. Mwenye taa ya wati 100 na kabati lililo mbali na vyumba vya kulala hana sababu ya kuingia gharama hii, na mwenye taa za wati 600 na zaidi afikirie feni ya inchi 8, kwa mantiki ile ile ya kuwa na kubwa inayokwenda polepole. Msomaji aliye Dar es Salaam au Nairobi, anayetaka kutolea hewa chumba cha uyoga au cha miche, atazame kwanza lebo ya kigeuza umeme, kwani vingi hupokea kuanzia volti 100 hadi 240 lakini si vyote. Nyumba ya matofali ya saruji haitamletea taabu kubwa ya mtetemo wa kuta, ila madirisha ya vioo vya kupanga yatapitisha sauti yote hadi kwa jirani, na huko ndiko sailensa yake ielekee.

Katika matunzo, vumbi ndilo adui. Udongo mkavu, unga wa mbolea na nyuzi za nguo hukaa kwenye mapanga bila ulinganifu, mapanga hupoteza mizani, na feni iliyokuwa kimya huanza kutetemeka kidogo kidogo hadi mtu ahisi amezoea sauti yake wakati kwa kweli imeongezeka. Modeli hii hufunguka kwa klipu mbili, mota na mapanga vikatoka pamoja bila kulivuruga bomba, na kufuta kwa kitambaa chenye unyevu hakuchukui dakika 5. Sailensa ikaguliwe kila majira ya baridi yanapokwisha, kwa kuchungulia vitundu kwa tochi: kabati lenye mnafu uliostawi hutoa mvuke mwingi, na pamba iliyolowa haimezi sauti, huota ukungu, na ikifikia hapo haioshwi bali inabadilishwa.